Ntambo na Kiwanja

Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu. Je, kuna kosa gani mtu akiamua kukaa na watu wanaofanana naye? Mwenye fedha ananunua kiwanja palipo na wenye fedha, asiyenazo anajibanza kwa wenziwe, na kila mmoja analala usingizi wake. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefukuzwa, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Utetezi huu nimeusikia mara nyingi, na aghalabu husemwa na watu waungwana ambao ukipatwa na msiba watakuja matangani na kuchangia. Ndiyo sababu siwezi kuutupa kwa dharau. Nauona una kasoro, lakini kasoro yenyewe imejificha, na kuitoa nje itanibidi nizunguke kidogo.

Naandika nikiwa Litumbandyosi, katika Wilaya ya Mbinga, mahali ambapo swali hili laweza kuonekana halituhusu kabisa. Kwetu hakuna uzunguni wala uswahilini. Nyumba ya bati na nyumba ya nyasi zinatazamana, na mtoto wa mwalimu hukaa dawati moja na mtoto wa mkulima wa mihogo. Wakiugua wote wawili, mama zao wanakutana kwenye benchi lile lile la zahanati, na dawa ikiwa imekwisha, imekwisha kwa wote. Sisemi kwamba hali hii ni ya kujivunia. Usawa wa dhiki si fahari ya mtu yeyote. Nasema tu kwamba anayeishi mahali ambapo mtengano haujaingia huona upesi jinsi unavyofanya kazi pale anapoukuta.

Tena huku kwetu kulikuwa na namna ya kugawa ardhi ambayo yafaa kukumbukwa. Wamatengo, ambao baadhi yao walishuka kutoka milimani kuja huku chini kwenye miombo kwa kukosa nafasi, walikuwa na kitu kinachoitwa ntambo. Ntambo ni kipande cha mlima kinachokaliwa na ukoo mmoja, na mipaka yake ni vijito. Kwa kuwa mpaka ni kijito, kila ntambo lazima iwe na kilele chake, mteremko wake na bonde lake. Juu ulibaki msitu wa kuni, katikati zikakaa nyumba na baadaye mibuni, kwenye mteremko yakalimwa mashimo ya ngolo ambayo hadi leo wataalamu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuyatazama, na chini ndiko kwenye maji. Hapakuwa na ukoo uliochukua vilele vyote, na mwingine ukaachiwa mabonde yote. Mvua kubwa ikija, kila mtu alikuwa na mahali pake pa kuumia na mahali pake pa kujihifadhi.

Pamoja na ntambo kulikuwa na sengu. Mzee wa ukoo, wanawe na wajukuu walikula pamoja, na chakula kililetwa kutoka kila nyumba. Walipokula waliongea: shamba la nani halijalimwa, mtoto wa nani ana tabia mbaya, nani anadaiwa. Wanawake walipika na kula kwao, jambo ambalo binti zetu wa leo wasingelikubali, nami siwalaumu. Tena sengu ilikuwa ya ukoo. Mgeni hakuwa na mahali pake. Kwa hiyo sisemi turudi huko. Ninachotaka msomaji akishike ni hiki kimoja: palipo na sengu, nyumba ambayo haikuleta kitu ilionekana jioni ile ile. Njaa ya mtu haikuhitaji kuandikiwa barua. Iliyakuta macho ya wenye uwezo kabla haijawa habari.

Sasa twende Dar es Salaam, mji ambao karibu kila ukoo wa Mbinga una mtu wake. Mji ule ulikatwa kinyume cha ntambo. Wajerumani walitoa amri yao ya ujenzi mwaka 1891, wakapanga aina ya nyumba zinazoruhusiwa kila sehemu. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, katika miaka ya 1920 wakaugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na makazi, ambayo ikawa ya Wahindi, na ya tatu ya nyumba za wenyeji. Kati ya Wahindi na Waafrika wakaacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja wa leo. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vile, waliopiga kambi pale. Jambo la kuangalia ni kwamba kanuni zile za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo. Asiyeweza kujenga nyumba ya namna fulani hakai hapa, basi. Sheria ya namna hiyo haihitaji kumwambia mtu yeyote kwamba anachukiwa.

Na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Hili lisisahaulike, maana wengi hudhani afya iliharibika baadaye kwa bahati mbaya, kumbe mitaa ilitengwa kwa jina lake. Ilipogundulika mwishoni mwa karne ya 19 kwamba malaria huenezwa na mbu, na kwamba watoto wa Kiafrika hubeba vimelea vyake bila kuonekana wagonjwa, baadhi ya wataalamu wakashauri Wazungu wakae mbali na nyumba za Waafrika, mbali kiasi ambacho mbu hawezi kuruka. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kuchunguza usafi wa miji, na taarifa yake ikapendekeza kila jamii ikae mtaa wake. (Mbu, kwa upande wake, hakuwahi kusoma taarifa hiyo.) Wangeweza kukausha madimbwi ya Kariakoo kwa bidii ile ile waliyoipeleka kwingine, na kila mtu angepona. Waliona ni rahisi zaidi kumhamisha anayeogopa ugonjwa kuliko kuuondoa ugonjwa kwa anayeugua.

Hospitali nazo zikafuata mkondo huo. Ile ya Ocean Road, iliyojengwa ufukweni mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na ile iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, ambaye jina lake bado liko kwenye jengo mojawapo la Muhimbili. Shule zikawa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na majengo yake na fungu lake la fedha, na mafungu hayo hayakulingana hata kidogo.

Uhuru ukaja, na serikali haikukaa kimya. Januari 1962 ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani kubwa yalitaifishwa. Lakini ardhi ina kumbukumbu ndefu kuliko sheria. Waliohamia katika nyumba za Oysterbay walikuwa Waafrika sasa, wakubwa wa serikali na mashirika, lakini nyumba zilibaki zile zile, na bustani zile zile, na bomba lile lile. Hadi leo Mbeya kuna Uhindini na Dodoma kuna Uzunguni, na neno uswahilini, ambalo lingepaswa kuwa jina la kwetu sote, limekuwa neno la kumwambia mtu kwamba hana adabu. Maofisa wa mipango miji nao wana maneno yao: ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa. Ujazo mdogo ni viwanja vikubwa vya watu wachache, ujazo mkubwa ni kinyume chake. Ukizifuta rangi kwenye ramani ya kanda tatu na kuandika bei mahali pake, umeipata ramani mpya. Haikuandikwa na mtu mbaya. Iliandikwa na mtu aliyefundishwa kwamba ramani huandikwa hivyo.

Sitaki kuwadhulumu wapangaji. Mradi wa viwanja wa miaka ya 1970 ulioleta Sinza na Kijitonyama uliwapa maelfu ya watu wa kawaida mahali penye barabara, na ule wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulifungua Mbweni, Kibada, Tuangoma na kwingineko pembezoni mwa jiji. Lakini mji ulikua upesi kuliko chati zao, na zaidi ya nusu ya wakazi wake wakajijengea wenyewe pasipopimwa: Manzese, Tandale, Kigogo, Mbagala. Mara nyingi wakakaa bondeni, kwa sababu bonde ndilo lililobaki. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilipofurika, waliopoteza nyumba walikuwa wa Jangwani na jirani zake, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao na shule za watoto wao. Hapo ndipo nilipoikumbuka ntambo. Mji mzima una vilele na mabonde, ila wa kileleni ni wengine na wa bondeni ni wengine.

Labda mtu atauliza: kama mimi sikumsukuma bondeni, dhambi yangu iko wapi?

Nitajibu kwa choo. Uswahilini pasipopimwa gari la kunyonya majitaka halipiti, maana vichochoro ni vyembamba. Choo kikijaa, mwenye nyumba ana njia mbili: kuchimba kingine, ambapo nafasi hana, au kusubiri mvua kubwa na kutapisha. Maji yale yanapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Maji ya kunywa yananunuliwa kwa ndoo, na mnunuzi wa ndoo hulipa kwa lita kuliko yule mwenye bomba ndani ya ua. Kwa hiyo maskini ananunua uchafu kwa bei ghali. Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka tena, kilianzia Kinondoni, na kabla hakijatulia kilikuwa kimeenea mikoa mingi. Kinondoni ni manispaa ile ile yenye Masaki na Oysterbay. Mkurugenzi mmoja, baraza moja, mganga mkuu mmoja. Bahari mbili za maisha.

Naam, mwenye nyumba wa Masaki hakumwaga kile choo. Lakini afya si kitu ambacho mtu anaweza kukifungia kabatini kama hati ya nyumba. Inatengenezwa na mtaa mzima, na elimu vile vile. Ili mfereji uchimbwe, anatakiwa mtu wa kwenda ofisini, akasimama mezani, akajua aandike barua kwa nani na asipojibiwa apande kwa nani. Watu wa namna hiyo wapo katika kila jamii, ila si wengi. Wakikaa wametawanyika, kila mtaa una wawili watatu. Wakihama wote wakakaa pamoja, mtaa mmoja unakuwa na sauti ishirini kwa ajili ya taa ya barabarani iliyozimika, na mingine kumi haina hata moja kwa ajili ya kipindupindu. Kasoro niliyosema imejificha ndiyo hiyo. Anayehama hachukui fedha zake peke yake. Anachukua na sauti, na ile sauti haikuwa yake peke yake, kwa kuwa alipodai bomba lake jirani zake walichota.

Shuleni ndiko mambo haya yanakouma zaidi. Tangu miaka ya 1990, shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliporuhusiwa kuenea, mzazi mwenye kipato amepata mlango wa kutokea. Shule ya serikali imebandikwa jina la utani, Kayumba, na mtoto anayesoma huko analijua jina hilo kabla hajajua hesabu za kugawanya. Nina mtoto wa marehemu kaka yangu anayefanya kazi Dar es Salaam, na tulizozana juu ya jambo hili alipokuja likizo. Alikuwa amehamisha watoto wake wawili.

“Baba mdogo,” akaniambia, “darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia. Mwalimu hakuwa anayajua majina yao. Ningesubiri nini?”

“Wale waliobaki watasubiri nini?” nikamwuliza.

“Hao wana baba zao. Mimi nimepewa hawa wawili.”

Sikuwa na jibu la kumshinda, wala sina hadi leo. Mtoto hasubiri, miaka ya shule ya msingi haiji mara ya pili. Baba anayemwacha mwanawe azame ili kuthibitisha kanuni, simwiti mwadilifu. Nilimwuliza tu jambo moja: katika kamati ya shule ile, nani alikuwa akimbana mwalimu mkuu juu ya fedha za vitabu? Akacheka kidogo. “Nilikuwa mimi,” akasema. Basi tukanyamaza wote wawili, tukaendelea kula mahindi.

Historia ya wilaya zetu inanifundisha kwamba umbali una nguvu kuliko akili ya mtoto. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Kando ya ziwa, Waanglikana wakawa na Liuli. Palipojengwa kanisa palijengwa shule na hospitali, na waliozaliwa jirani na kengele wakawa makarani, waganga na walimu. Waliozaliwa mwendo wa siku mbili kutoka hapo hawakuwa wajinga kuliko wenzao. Walikuwa mbali tu, na kwa miaka mingi watu walidhani ni tabia ya ukoo. Kilichovunja umbali ule, kwa wachache waliobahatika, ni bweni. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso kule Masasi, alipitia seminari ya Kigonsera. Baada ya shule za misheni kutaifishwa mwaka 1969, serikali iliendelea na bweni kwa makusudi: mtoto wa Mbinga apangwe Tabora, wa Mara aletwe Songea, walale chumba kimoja na wachoke na maharage yale yale. Sijui chombo kingine tulichowahi kuwa nacho ambacho kilimtoa mtoto nje ya mtaa wake na kumfanya mtoto wa waziri ajue ladha ya ugali wa mtoto wa mvuvi.

Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 na kuendelea zimefanya jambo jema ambalo bweni halikuweza: zimewafikia wengi, hasa wasichana ambao wazazi wao wasingewaruhusu kwenda mbali. Anayezibeza hajui hali ilivyokuwa. Lakini zina bei yake. Mtoto sasa anasoma na jirani zake tu, na mtaa ukiwa maskini, shule yake ni ya maskini watupu, kuanzia mbao za madawati hadi ndoto. Dar es Salaam watoto wengine hukataa kifungo hicho kwa miguu yao. Alfajiri utawaona vituoni, wa darasa la tatu, wakigombania daladala kwenda shule za mjini, na konda akiwasukuma kwa kuwa wanalipa nauli pungufu.

Sisi si wa kwanza kuliona jambo hili. Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuipaka nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari, aghalabu ile ya watu weusi. Sheria ya mwaka 1968 ikakataza ubaguzi katika nyumba. Lakini kwa kuwa shule za kule zinategemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya mahali pale pale, mtaa ulionyimwa mikopo ulibaki na nyumba za thamani ndogo, na shule yenye fedha kidogo, na watoto waliokosa kazi ya kuwawezesha kuhama. Nchi tajiri kuliko zote haikuweza kuifuta ramani kwa kuikataza tu. Nasi tusidhani kwamba kwetu itajifuta kwa sababu hatukuwahi kuipenda.

Ndiyo maana macho yangu yako Mbinga mjini. Tangu mwaka 2015 mji ule una halmashauri yake, na kila mwaka mashamba ya pembezoni yanageuka viwanja. Mji mdogo bado unaweza kuchagua jinsi ya kujikata. Nilipata kumwuliza afisa ardhi mmoja, wa wilaya nyingine kabisa, kwa nini viwanja vikubwa lazima vilale pamoja upande mmoja wa ramani, na vidogo pamoja upande wa pili. Kwa nini mtaa usikatwe kama ntambo: barabara moja, viwanja vikubwa viwili vitatu, vidogo kumi, kisha vikubwa tena, na shule na zahanati katikati ambapo wote watapita? Aliniheshimu, hakucheka. Alisema wenye fedha hawatanunua karibu na viwanja vidogo, na wakinunua watataka bei ishuke, nayo halmashauri inategemea mauzo yale kulipia upimaji.

Nikamwuliza ingeshuka kwa kiasi gani. Akafikiri kidogo, akasema hajawahi kuona mtu akiipiga hesabu hiyo. Nikamwuliza tena kama kuna aliyewahi kupiga hesabu ya kipindupindu: dripu, posho za wauguzi, siku za kazi zilizopotea. Akasema hiyo iko idara nyingine.